Umezima TV kwa Rimoti, Lakini Stima Bado Inaliwa

Umenunua tokeni Ijumaa, na kufikia Jumatano mita imeanza kulia. Hakuna aliyepiga pasi, na balbu zote ni za kuokoa stima. Sasa yuniti zimeenda wapi?

Sehemu ya jibu iko sebuleni usiku, watu wakiwa wamelala. Ile taa ndogo nyekundu ya TV, saa ya maikrowevu, dekoda uliyoizima kwa rimoti: vyote bado vinakula stima. Rimoti haikati umeme. Inakiambia kifaa kipumzike tu, nacho hubaki macho kikisubiri ukiwashe.

Hebu tupige hesabu

Fungua meseji ya tokeni zako za mwisho. Gawanya pesa ulizolipa kwa yuniti ulizopata. Tuseme ulilipa shilingi 500 ukapata yuniti 20, basi kila yuniti ni shilingi 25. Yuniti moja ni wati 1,000 zikitumika kwa saa moja.

Sasa chukua mfano wa nyumba yenye vifaa hivi, vyote "vimezimwa":

- Dekoda ya wati 10, saa 19 kwa siku: yuniti 5.7 kwa mwezi
- Wufa ya wati 5, saa 20 kwa siku: yuniti 3
- Maikrowevu ya wati 3, saa 24: karibu yuniti 2.2

Jumla ni kama yuniti 10.9, yaani takriban shilingi 270 kila mwezi. Kwa mwaka ni zaidi ya shilingi 3,200, na hakuna aliyetazama chochote.

Na chaja ya simu? Ikiwa haina simu, inakula kidogo sana. TV nyingi mpya nazo hazifiki wati moja. Kwa hivyo kabla ya kugombana na watoto juu ya chaja, angalia dekoda kwanza.

Kwa nini yuniti chache ni muhimu

Kenya Power huwatoza bei ya chini zaidi wateja wa nyumbani ambao wastani wao hauzidi yuniti 30 kwa mwezi. Ukitumia 36, yuniti sita zinazopotea usiku ndizo zinakutoa kwenye bei hiyo, na unalipa zaidi kwa kila yuniti unayonunua.

Fanya hivi leo

1. Weka TV, dekoda na wufa kwenye ekstensheni moja yenye swichi. Ukienda kulala, bonyeza mara moja.
2. Zima maikrowevu ukutani ukimaliza kupasha chakula.
3. Jipime: zima taa zote na friji kwa dakika kumi, kisha tazama taa ya mita inayopepesa. Ikiendelea kupepesa, kuna kitu kinakula. Usisahau kuwasha friji!

Mwezi ujao, linganisha meseji zako za tokeni na za mwezi huu. Hapo ndipo utaona pesa zilizobaki mfukoni.