Fedha Ndani ya Risasi: Mbale Inapopoa

Mwanafunzi wa Kilakala atazamaye milima ya Uluguru huona miamba ambayo zamani sana ilipata joto kali chini ya ardhi, ikapoa polepole, kisha ikainuliwa. Milima hiyo inajulikana kwa ulanga na kwa yakuti nyekundu za Matombo, wala si kwa risasi. Kwa mbale ya risasi yatubidi twende magharibi hadi Mpanda. Huko, katika miaka ya 1950, kampuni ya Uruwira Minerals ilichimba risasi iliyoandamana na shaba, fedha na dhahabu, na reli ya kutoka Kaliua, yenye urefu wa kilometa 210 hivi, ilijengwa hasa kwa ajili ya mgodi huo.

Madini makuu ya risasi ni galena, yaani salfaidi ya risasi, PbS. Fuwele zake zina mpangilio kama wa chumvi ya mezani, na uzito wake ni mara saba na nusu ya uzito wa maji. Galena safi haina fedha hata chembe. Mbona basi galena ni miongoni mwa vyanzo vikubwa vya fedha duniani? (Neno fedha kwetu lina maana mbili, na katika makala haya zote mbili zinahusika.)

Ioni ya fedha ina nusu-kipenyo cha pikomita 115, na ile ya risasi 119. Kwa ukubwa, basi, fedha ingeweza kukaa mahali pa risasi bila taabu. Kizuizi ni chaji: risasi ina chaji mbili chanya, fedha ina moja tu. Ili hesabu ya chaji isawazike, fedha huingia pamoja na mwenzake mwenye chaji tatu, ama antimoni ama bismuthi. Ioni mbili za risasi hutoka, ioni moja ya fedha na moja ya antimoni huingia. Matokeo yake huitwa myeyungano mango: mchanganyiko kamili kama chumvi katika maji, ila wote ni mgumu.

Je, mchanganyiko huu utadumu? Hapo ndipo thamodinamiki inapotoa hukumu, kwa kanuni ya Gibbs:

ΔG = ΔH − TΔS

Kuchanganyika hutokea iwapo nishati huru, G, inapungua. Antimoni ni ndogo, pikomita 76 tu. Ikiingizwa katika nafasi ya risasi fuwele hukazwa na kupindika, na kazi hiyo hudai nishati. Hiyo ndiyo ΔH, nayo hupinga mchanganyiko. Kwa upande wa pili, ioni zilizotawanyika ovyo zina namna nyingi zaidi za kujipanga kuliko zilizotengwa, yaani entropia huongezeka. Tazama kwamba entropia huzidishwa kwa T. Kukiwa na joto kali entropia hushinda; mwamba ukipoa, sauti yake hufifia na ΔH hutawala. Vitu vilivyochanganyika hutengana, ingawa kila kitu kingali kigumu.

Majaribio ya maabara yanakubaliana na maelezo haya. Galena na salfaidi ya fedha na antimoni, AgSbS₂, huchanganyika kwa kiasi chochote juu ya nyuzi 400 hivi za Sentigredi. Kwa bismuthi, ambayo kwa pikomita 103 inakaribia ukubwa wa risasi, nyuzi 215 hivi zinatosha. Majaribio hayo hudai subira. Nilipokuwa masomoni ng'ambo tulifungia unga wa salfaidi katika vibomba vya kwazi visivyo na hewa, tukavipasha joto kwa wiki nyingi. Kimoja changu, nilichokiziba vibaya, kilipasuka usiku, na maabara nzima ikanuka salfa.

Hebu tufanye hesabu nyepesi. Tuseme x ni sehemu ya nafasi za risasi zilizotwaliwa na fedha na antimoni, na W ni kipimo cha upinzani wa ΔH. Katika mfano ulio sahili kabisa, W = 2RT, ambapo T ni jotoridi ambalo juu yake kila kiasi huchanganyika. Kwa nyuzi 400, yaani Kelvini 673, tunapata W ya jouli 11,200 hivi kwa moli. Chini ya hapo, kikomo cha x hupatikana kwa:

ln[(1 − x)/x] = W(1 − 2x)/RT

Kwa nyuzi 250 jibu ni asilimia 13. Kwa nyuzi 150 ni asilimia 5.6. Fedha inayozidi kikomo hufukuzwa, ikajikusanya kama punje ndogo za madini mengine ndani ya galena, nyingi zisionekane bila hadubini. Mwalimu aweza kuonyesha jambo la namna hiyo kwa nitreti ya potasiamu: gramu 100 za maji huyeyusha gramu 110 hivi kwa nyuzi 60, lakini 32 tu kwa nyuzi 20. Tofauti ni kwamba katika maji fuwele huonekana baada ya dakika chache, ilhali ndani ya mango ioni hutambaa polepole mno. Mwamba ukipoa upesi, fedha hunaswa mle mle.

Mwamba halisi hautii hesabu yetu kikamilifu. Pande mbili za mchanganyiko hazilingani kama tulivyodhania, na tena kuna majirani. Tetrahedraiti, salfaidi ya shaba na antimoni, huivuta fedha kutoka katika galena kadiri joto linavyoshuka. Jambo hili limethibitishwa katika migodi ya Coeur d'Alene, jimbo la Idaho, Marekani, ambako tetrahedraiti iliendelea kujitajirisha kwa fedha baada ya mbale kuwa imekwisha kuganda.

Mtu wa kinu cha mgodi hujali sana habari hii. Fedha iliyomo ndani ya galena, au katika punje zilizofungwa humo, hufuata makinikia ya risasi. Ile iliyohamia katika tetrahedraiti huenda na shaba, au hupotea katika mabaki ikiwa kinu hakikutayarishwa kwa ajili yake. Mbale mbili zenye gramu zilezile za fedha kwa tani zaweza kutoa mapato yasiyofanana. Serikali ilipozuia usafirishaji wa makinikia nje mwezi Machi 2017, nchi nzima iliuliza ndani ya makontena mna gramu ngapi za kila metali. Lilikuwa swali la haki. Kwa maoni yangu lilihitaji la pili: metali hiyo imo katika madini gani? Hilo kipimo cha kemia peke yake hakilijibu; hudai kipande cha mbale kilichosuguliwa mpaka king'ae, na hadubini.

Zoezi: Chukua galena yenye bismuthi, ambayo mchanganyiko wake hukamilika kwa Kelvini 488. Tafuta W, kisha kikomo cha x kwa nyuzi 100 za Sentigredi. Jibu likaribie asilimia 12. Eleza kwa nini bismuthi, hata kwa jotoridi hilo dogo, huiachia fedha nafasi karibu sawa na ile ambayo antimoni huiachia kwa nyuzi 250.