SOMO LA UFUNDI: KUZUIA MAJI NA TOPE KATIKA SANDUKU LA HEWA LA PIKIPIKI



Katika mashamba ya chai na miwa pikipiki ni chombo cha kazi kama lilivyo trekta. Humbeba msimamizi, fundi wa pampu na karani wa mizani. Mvua zikianza, njia za shamba hugeuka tope, na injini nyingi huharibika wakati huo.

Masika moja mwenzetu alivuka kijito, injini ikazimika katikati. Kwa haraka ya kuwahi kazi akapiga kiki mara tatu. Konrodi ikapinda. Mwisho wa mwezi alikuta gharama ya matengenezo imekatwa katika mshahara wake. Hakuwa na la kujibu, maana hakujua kilichotokea ndani ya injini. Tujifunze ili yasitupate hayo.

Injini huvutaje hewa?

Lita 1 ya petroli huhitaji karibu lita 9,000 za hewa ili iungue vizuri. Hewa hiyo huingia kwa tundu lililo chini ya kiti, hupita katika sanduku la hewa lenye chujio, kisha huenda kwenye kabureta. Kikiwamo kitu kingine ndani ya sanduku, nacho huvutwa.

Chukua injini ya sentimita za ujazo 125, yenye mgandamizo wa 9 kwa 1. Pistoni ikifika juu, nafasi inayobaki ni kama sentimita za ujazo 15, yaani kijiko kimoja kikubwa. Hewa hukubali kubanwa, maji hayakubali. Maji yakizidi kijiko hicho, pistoni hugota na konrodi hupinda au kuvunjika. Tope nalo huua polepole. Likikauka huwa vumbi, vumbi hupenya chujio bovu, na likichanganyika na oili husaga ringi na silinda kama msasa. Dalili yake ni moshi wa buluu na nguvu kupungua.

Mambo ya kukagua kila wiki wakati wa mvua

1. Kifuniko cha sanduku. Mpira wake usiwe umepasuka, na skrubu zote ziwepo.

2. Mpira unaounganisha sanduku na kabureta. Ukilegea, maji huingia bila kupita kwenye chujio. Kaza kibano chake.

3. Mrija wa kutolea maji chini ya sanduku. Ufungue, maji na uchafu vitoke, kisha uurudishe. Mrija uliopotea huacha tundu la kurushiwa tope na gurudumu.

4. Chujio. La sponji huoshwa kwa mafuta ya taa, halafu kwa maji ya vuguvugu na sabuni. Usitumie petroli: hula gundi na huleta moto. Likamue kwa kulibana bila kulisokota, ulianike kivulini. Likikauka kabisa, lipake oili, ubane iliyozidi itoke. Paka grisi kidogo ukingoni. Chujio la karatasi halioshwi, likilowa, libadilishwe.

Wengine huziba tundu la hewa kwa mfuko wa plastiki wakiwa safarini. Ni kosa: injini hukosa hewa na plagi huwa nyeusi. Ziba wakati wa kuosha pikipiki tu, na usielekeze maji ya nguvu chini ya kiti. Kumbuka kuzibua kabla ya kuwasha.

Kuvuka maji

Pima kina kwa fimbo kwanza. Maji yakikaribia usawa wa sanduku la hewa, usivuke. Ukivuka, nenda polepole bila kuachia mafuta.

Injini ikizimika majini, USIPIGE KIKI. Isukume pikipiki hadi pakavu. Zima swichi, fungua plagi, toa chujio, mwaga maji ya sanduku na ya kabureta. Hapo piga kiki taratibu, plagi ikiwa nje, hadi maji yaishe silindani. Asivute mtu sigara karibu. Tazama oili: ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia, ibadilishwe kabla ya kuwasha.

Andika katika daftari

Ukiona mpira umepasuka au mrija haupo, mwarifu msimamizi wa gereji, uandike tarehe, ulichokiona na uliyemwambia. Mkataba namba 95 wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1949, kifungu cha 8, unataka makato ya mshahara yafuate masharti na kiwango kilichowekwa na sheria ya nchi, mapatano ya pamoja au uamuzi wa usuluhishi. Nyapara kukasirika si sheria. Lakini mwakilishi wa tawi atakutetea vizuri zaidi akiwa na daftari lako mkononi. Mwenzetu yule hakuwa nalo.

Maswali ya kujadiliana tawini

1. Kwa nini maji kidogo huweza kupinda konrodi?

2. Injini ikizimika majini, utafanya nini kwanza?

3. Katika shamba lenu, nani hununua machujio, na mara ya mwisho yalibadilishwa lini?

Swali la 3 lipelekwe kwenye mkutano na mwajiri kabla ya mvua kuanza.