KUFAHAMU BEI ZA ZAMANI ZA HISA ZA KAMPUNI ILIYOONDOLEWA SOKONI

Hutokea, mtu anapofariki na warithi wake kuanza kukusanya mali aliyoiacha, ikakutwa ndani ya sanduku, baina ya hati ya shamba na stakabadhi za zamani, karatasi yenye muhuri inayoeleza kwamba marehemu ni mwenye hisa kadhaa katika kampuni fulani ya Nairobi. Warithi huitazama orodha ya soko la hisa gazetini, wasilione jina la kampuni hiyo, na hapo hapo wakahitimisha kwamba karatasi imekufa pamoja na kampuni. Hitimisho hilo mara nyingi si sahihi, na hasara yake huwaangukia wajane na mayatima.

Kampuni kuondolewa katika orodha ya soko maana yake ni moja tu: hisa zake haziuzwi tena hadharani katika soko hilo. Sababu zaweza kuwa mbalimbali. Ipo kampuni iliyofilisika, na hiyo wenye hisa hulipwa mwisho kabisa, baada ya wadai wote, na aghlabu hawapati kitu. Ipo iliyojiondoa kwa hiari yake na ikaendelea kufanya kazi kama kawaida. Na ipo iliyonunuliwa yote na kampuni nyengine, ambapo kila mwenye hisa alistahiki kulipwa, ama kwa fedha taslimu ama kwa hisa za mnunuzi. Swali la kwanza kwa mwenye hati, basi, ni namna gani kampuni iliondoka sokoni. Suala la bei linafuata baada ya hilo.

Mfano ulio karibu ni wa kampuni ya mafuta ya Kenya iliyojulikana zamani kwa jina la Kenol. Hisa zake ziliingia katika Soko la Hisa la Nairobi mwaka 1959. Mwaka 2008 iliungana na kampuni ya Kobil na kuitwa KenolKobil. Mwezi wa Oktoba 2018 kampuni ya Kifaransa ya Rubis ilitangaza kuinunua kwa shilingi 23 za Kenya kwa kila hisa, wakati bei ya sokoni katika siku zilizotangulia ilikuwa chini ya shilingi 20. Wenye hisa walio wengi mno waliridhia, na katika mwaka 2019 jina la KenolKobil likafutwa katika orodha ya soko. Sheria ya makampuni ya Kenya inamruhusu mnunuzi aliyekwishapata asilimia 90 ya hisa alizotaka kununua kuzichukua na zilizobaki kwa bei ile ile, hata kama mwenyewe hakujibu barua. Hii ndiyo maana mtu anaweza kuwa na hati mkononi na asiwe tena na hisa. Alichonacho ni haki ya kulipwa shilingi 23 kwa kila moja.

Hapa ndipo penye mtego mkubwa, na panahitaji kusomwa kwa utulivu. Hisa za Kenol ziligawanywa mara mbili: mwaka 2004 kila hisa moja ikawa kumi, na mwaka 2010 kila moja ikawa kumi tena. Thamani iliyochapishwa juu ya hati ilishuka kutoka shilingi 5 hadi senti 50, kisha hadi senti 5. Mali ya mwenye hisa haikuongezeka wala haikupungua kwa mgawanyo huo, kama ambavyo mkate ukikatwa vipande kumi hauwi mikate kumi. Lakini hesabu ya idadi na ya bei hubadilika moja kwa moja. Ichukuliwe hati ya kabla ya mwaka 2004 yenye hisa 400, ambayo haikuwahi kubadilishwa. Asiyejua historia atazidisha 400 kwa 23 na kupata shilingi 9,200, na pengine akaona nauli ya kwenda Nairobi ni kubwa kuliko fedha zenyewe. Anayejua atazidisha 400 kwa kumi, kisha kwa kumi tena, na kupata hisa 40,000. Na hizo kwa shilingi 23 ni shilingi 920,000. Tofauti ni mara mia moja.

Kwa sababu hiyo hiyo bei za zamani hupatikana kwa sura mbili. Magazeti ya siku zile yalichapisha bei kama ilivyokuwa siku hiyo. Jedwali lililotengenezwa miaka ya baadaye huwa mara nyingi limekwisharekebishwa, yaani bei za kabla ya mgawanyo zimegawiwa kwa kumi au kwa mia ili zilingane na za baadaye. Hisa iliyouzwa shilingi 100 siku moja kabla ya mgawanyo wa kumi kwa moja itaonekana katika jedwali lililorekebishwa kuwa shilingi 10. Takwimu zote mbili ni za kweli. Kosa ni kuchukua idadi ya hisa ya zamani na kuizidisha kwa bei iliyorekebishwa, au kinyume chake. Baadhi ya majedwali hupunguza pia gawio lililokwisha kulipwa, na bei za zamani zikaonekana ndogo zaidi kuliko alizolipa mnunuzi wa siku hizo. Msomaji asiyeona maelezo ya marekebisho juu ya jedwali na alitilie shaka.

Liko na jambo la siku zisizo na biashara. Katika masoko yetu hisa ya kampuni inaweza kukaa siku nyingi bila ya kuuzwa hata moja, na gazeti likarudia bei ile ile ya mwisho. Bei ya namna hiyo ni kumbukumbu ya biashara iliyopita. Haithibitishi kwamba siku hiyo angepatikana mnunuzi. Ni vyema kutazama safu ya idadi ya hisa zilizouzwa, iliyo kando ya bei, kabla ya kuitegemea. Vile vile bei ya siku chache kabla ya tangazo la ununuzi huweza kupandishwa na minong'ono. Katika shauri hilo la KenolKobil, Mamlaka ya Masoko ya Mitaji ya Kenya ilifanya uchunguzi juu ya biashara iliyotangulia tangazo la Oktoba 2018.

Mfano wa pili unaihusu Tanzania yenyewe. Kampuni ya dhahabu ya African Barrick Gold iliingia katika Soko la London mwezi wa Machi 2010 kwa bei ya 575, na mwaka 2011 ikaorodheshwa pia katika Soko la Hisa la Dar es Salaam. Takwimu hiyo ya 575 ni peni, kwani London hutaja bei kwa peni wala si kwa pauni. Kwa hiyo hisa moja ilikuwa chini ya pauni sita. Mwaka 2014 ikabadili jina na kuitwa Acacia, na anayetafuta bei za kabla ya hapo kwa jina la Acacia hana budi kutafuta na jina la mwanzo. Baada ya zuio la Machi 2017 la kusafirisha nje makinikia, hisa zake zilishuka sana. Mwezi wa Septemba 2019 kampuni mama ya Barrick, iliyokuwa na takriban asilimia 64, ilizichukua hisa zilizobaki. Malipo hayakuwa fedha taslimu: kila hisa moja ya Acacia ilibadilishwa kwa sehemu 0.168 ya hisa ya Barrick. Mwenye hisa 1,000 akawa na hisa 168 za Barrick, ambazo zinauzwa New York na Toronto, na ambazo bei yake imeendelea kupanda na kushuka tangu siku ile. Bei ya mwisho ya Acacia haimfai kitu leo; inayomhusu ni ya Barrick, ambayo nayo alama yake katika soko la New York ilibadilika mwaka 2025 kutoka GOLD na kuwa B.

Huenda akauliza mtu, ikiwa malipo ni shilingi 23, bei za miaka ya nyuma za nini? Jawabu limo katika taratibu za mirathi. Kabla ya kugawa, hutolewa gharama za mazishi, kisha madeni ya marehemu, kisha wasia usiozidi thuluthi. Zaka aliyopasa kuitoa na hakuitoa ni katika madeni hayo. Ikiwa marehemu alizishika hisa kwa ajili ya biashara ya kununua na kuuza, zaka yake ni robo ya ushuri, yaani asilimia mbili na nusu, kwa thamani ya sokoni ya siku mwaka wake ulipotimia. Warithi wanaotaka kumtakasia mzee wao dhima hulazimika kuijua bei ya kila mwaka katika siku hiyo, bei isiyorekebishwa kwa idadi ya hisa ya wakati ule, kwa sarafu ya wakati ule. Kwa hisa zilizoshikwa kwa ajili ya gawio peke yake yapo maelezo mengine, na ni bora aulizwe Kadhi.

Ikichukuliwa kwamba hakuna deni wala wasia, zile shilingi 920,000 za mfano wa juu, kwa marehemu aliyeacha mjane mmoja, wavulana wawili na wasichana watatu, zitagawika hivi: thumni ya mjane shilingi 115,000, zitabaki 805,000, ambazo zikifanywa mafungu saba kila mvulana atapata 230,000 na kila msichana 115,000.

Mwenye hati aanze kwa msajili wa hisa wa kampuni, ambaye jina lake huchapishwa katika taarifa za mwaka za kampuni, na aulize mambo matatu: idadi ya hisa katika daftari siku ya mwisho, gawio lisilochukuliwa, na zilipo fedha za ununuzi. Kwa Kenya, fedha na gawio lililokaa bila ya kudaiwa kwa muda uliowekwa na sheria huhamishiwa Mamlaka ya Mali za Fedha Zisizodaiwa, iliyoko Nairobi, na mwenyewe au mrithi anaweza kuzidai huko. Barua iambatanishwe na nakala ya hati ya hisa, cheti cha kifo, na uthibitisho wa warithi kutoka mahakamani. Hati ya asili ibaki kwa msimamizi wa mirathi, isitiwe katika posta, mpaka itakapotakiwa kwa maandishi.