Mgongo Chini ya Vidole: Jinsi ya Kuitambua Misuli ya Mgongo na Bega

Picha za vitabuni huipaka misuli rangi nyekundu na kuipa kila mmoja mpaka wake. Mgongo wa mtu aliye hai hauna mipaka hiyo. Una ngozi, joto na mifupa michache iliyojitokeza, na hapo kwenye mifupa ndipo pa kuanzia, kwa sababu asiyejua msuli umejishikiza wapi ataishia kubonyeza nyama tu.

Tafuta mtu aliyeridhia, mahali pa faragha. Kata kucha, pasha mikono joto. Mwenzako akae kwenye stuli, mgongo wazi, mikono imelegea mapajani.

Hatua ya 1: mifupa. Mwambie ainamishe kichwa. Chini ya shingo pingili mbili hujitokeza. Weka kidole juu ya kila moja, kisha ainue uso polepole: kwa kawaida pingili ya 6 ya shingo huzama, ya 7 hubaki. Shuka kwenye kombe la bega. Tuta la mfupa linalolikatiza huanzia karibu na usawa wa pingili ya 3 ya kifua na kuishia kwenye ncha ya bega. Pembe ya chini ya kombe iko karibu na usawa wa pingili ya 7 ya kifua.

Hapa usiharakishe. Kombe la bega halina kiungo chochote na mbavu. Mfupa pekee unaoliunganisha na kiwiliwili ni mtulinga, tena kwa mbele. Kwingine kote limeshikiliwa na misuli, na ndiyo maana maumivu mengi ya bega hayaeleweki mpaka mtu aangalie jinsi kombe linavyotembea.

Hatua ya 2: trapeziusi. Huu ndio mpana wa juu. Unaanzia kisogoni, unashuka katikati ya mgongo hadi pingili ya 12 ya kifua, kisha unakusanyika kwenye mtulinga na tuta la kombe. Mwenzako akipandisha mabega, utausikia ukikaza kando ya shingo. Akivuta makombe nyuma, sehemu ya kati inakaza. Watu husugua sehemu ya juu tu kila wanapochoka; ile ya chini, inayolishusha kombe, husahaulika.

Hatua ya 3: romboidi. Imefunikwa na trapeziusi, kati ya uti wa mgongo na ukingo wa ndani wa kombe. Mwenzako apeleke mkono nyuma kiunoni, kiganja kikitazama nje, kisha auondoe mgongoni kidogo. Msuli utavimba chini ya vidole vyako. Juu yake, kwenye pembe ya juu ya kombe, unajishikiza levata skapula, unaotoka pingili 4 za juu za shingo. Wengi wakiguswa hapo hushtuka.

Hatua ya 4: latisimusi dorsi. Shika nyama ya nyuma ya kwapa, umwambie mwenzako akandamize mkono wake chini dhidi ya bega lako. Msuli huu, pamoja na jirani yake teresi mkubwa, utakuwa mgumu kama kamba. Unatoka nusu ya chini ya mgongo na juu ya nyonga, ukapita chini ya kwapa hadi mbele ya mfupa wa mkono. Mkwezi wa minazi anautegemea, mvuta juya vilevile. Sasa mwambie akohoe: utaruka, maana husaidia pia kukohoa.

Hatua ya 5: bega lenyewe. Deltoidi huonekana kwa macho. Chini yake kuna misuli 4 midogo inayokishika kichwa cha mfupa wa mkono kisichopoke kwenye kiungo. Suprasipinatusi umelala juu ya tuta la kombe. Infrasipinatusi na teresi mdogo iko chini yake, nayo hukaza mwenzako akibana kiwiko ubavuni na kuzungusha mkono nje dhidi ya mkono wako. Wa 4, sabskapulari, umejificha kati ya kombe na mbavu. Usiulazimishe kutoka nyuma.

Hatua ya 6: mwendo. Hii ndiyo hatua ninayoithamini kuliko zote. Weka kidole gumba kwenye pembe ya chini ya kombe, mwenzako ainue mkono kwa upande hadi juu. Katika nyuzi 180, takriban 120 hutoka kwenye kiungo cha bega na 60 kwenye kombe linapozunguka. Kisha asukume ukuta. Kombe likiinuka na kuachana na mbavu, huenda seratusi wa mbele, msuli unaolibana kifuani, au neva yake, una hitilafu.

Hatua ya 7: misuli ya kina. Mwenzako alale kifudifudi na kuinua kichwa na kifua. Nguzo mbili zinazosimama kando ya uti wa mgongo ni erekta sipine. Kisha asimame na kuinama taratibu: nguzo hukaza, lakini akifika mwisho wa kuinama hulegea, mzigo ukabaki kwenye kano za uti wa mgongo.

Usiendelee kubonyeza mwenye ganzi, mkono uliopoteza nguvu, homa, au aliyeanguka hivi karibuni. Huyo mpeleke hospitali.