Somo la ufugaji: Kibanda cha kuku cha kununua tayari, tazama matundu mbele ya kutazama rangi



Katika somo lililopita tulisema juu ya chakula cha kuku. Leo tunasema juu ya mahali kuku analala. Na tunaanza na kosa letu wenyewe, sababu mwalimu anayeficha kosa lake anawalipisha wanafunzi.

Mbele ya msimu wa mvua uliopita, tulisaidia kikundi kimoja upande wa Kavumu, katika Kabare, kununua vibanda vidogo vya kuku. Vilikuwa vizuri kwa macho: mbao zilizopakwa rangi, dari la manjanja, mlango mdogo, ngazi. Vinakuja kwa vipande, unafunga visi, katika saa moja kibanda kimesimama. Muuzaji alituambia: "Kuku 10 wanalala humu." Tuliamini. Hatukupima, hatukusukuma griyaji kwa mkono. Tuligawa vibanda, tukapiga picha, tukarudi Bukavu.

Wiki ya tatu, mama mmoja wa kikundi alitupigia simu asubuhi sana. Tulipofika alikuwa amepanga kuku 8 chini, kwenye majani, wengi bila kichwa. Wawili tu walibaki. Alisema hivi: "Agronome, mulituambia kama hii kibanda iko nguvu. Sasa minervali ya mutoto nitatosha wapi?" Hatukuwa na jibu siku ile. Hili somo ndilo jibu letu, limechelewa.

Wote tunajua kwa nini jambo hili si dogo. Tangu vita vya 1996, familia nyingi za Kabare, Walungu na Kalehe zilipoteza ng'ombe na mbuzi. Kwa wengi kuku ndiye mfugo wa kuanzia tena: kuku anazaa mbuzi, mbuzi anazaa ndama, kama tunavyosema. Ukipoteza kuku 8 usiku mmoja, umerudi nyuma mwaka mzima.

1. Umjue adui wako

Mbele ya kununua kitu, jiulize nani anakula kuku katika lupango lako. Kila adui ana saa yake na njia yake.

- Mwewe anakuja mchana, toka juu. Anataka vifaranga.
- Nguchiro naye anatembea mchana. Anapenda mayai na vifaranga, na anajua kuchimba.
- Kanu na fungo wanakuja usiku. Kanu ni mwembamba, anapanda mti na ukuta, anapita penye tundu ambalo wewe unaona ni dogo. Akiingia haui kuku mmoja tu.
- Panya anatafuna mbao usiku, anabeba mayai na vifaranga.
- Mbwa hana akili nyingi ya kibanda, lakini ana nguvu. Anasukuma mpaka kitu kivunjike.
- Nyoka anapita popote panya anapita.
- Siafu wanakuja kwa maelfu, zaidi wakati wa mvua. Tutarudi kwao.
- Na mtu. Mwizi wa kuku anajulikana, hatuhitaji kumueleza.

Kwa yule mama, alama zilisema ni kanu: usiku, vichwa vimekatwa, griyaji imefunguka kwenye kona, pale iliposhikwa na misumari midogo iliyokunjwa. Na kuku walikuwa wamebanana. Kuku akikosa nafasi analala ameegemea griyaji, na mnyama anamvuta shingo kupitia tundu hata bila kuingia. Kwa hiyo makosa yalikuwa mawili: waya dhaifu, na kuku wengi kupita nafasi.

2. Kwa muuzaji ama kwa fundi: pima wewe mwenyewe

Usikubali hesabu ya muuzaji. Beba metre.

*Nafasi.* Kibanda chetu kilikuwa na urefu wa santimetre 100 na upana wa santimetre 60. Kuku mkubwa anahitaji karibu santimetre 20 za mti wa kulalia. Katika upana ule unaenea mti mmoja tu, kwa maana kuku anahitaji nafasi mbele na nyuma. Basi santimetre 100 gawanya kwa 20: ni kuku 5. Na hao 5 ni wale wanaotembea inje mchana kutwa na kuingia kulala tu. Kama unawafungia ndani siku nzima, hesabu kuku 4 ama 5 kwa metre 1 ya mraba. Kibanda chetu hakifiki hata hapo: ni kuku 3. Muuzaji alisema 10.

*Mti wa kulalia.* Uwe mnene wa santimetre 4 ama 5, pembe zake zimelainishwa, na uwe mbali na griyaji.

*Kiota.* Sanduku moja la santimetre 30 kila upande linatosha kuku 4 ama 5. Kiwe chini kuliko mti wa kulalia. Kikiwa juu, kuku watalala ndani yake na kuchafua mayai.

*Hewa.* Wengine wakiogopa wanyama wanaziba kila kitu. Hapo kuku anakufa kwa pumzi. Kinyesi kinatoa hewa kali ya amonia. Fungua kibanda asubuhi, ingiza kichwa: kama macho yako yanawasha, kuku wako wanaumia. Hewa ipite juu, chini ya dari, kupita vichwa vya kuku, na nafasi ile ifungwe kwa griyaji ngumu.

*Nguvu.* Tikisa miguu. Sukuma griyaji kwa kiganja kwa nguvu yako yote. Kama inatoka mbele ya muuzaji, itatoka mbele ya mbwa. Vuta mlango kwenye kona ya chini, si kwenye loketi: pale ndipo mnyama anaanzia.

*Jaribio la tochi.* Usiku ukiingia, washa tochi ndani ya kibanda, funga mlango, zunguka. Kila mahali mwanga unatoka, weka kidole chako kidogo. Kikipita, tundu lile ni mlango wa mtu mwingine.

Kama kibanda kimeshindwa katika nafasi, usinunue, ama weka kuku wachache. Kama kimeshindwa katika griyaji na loketi, kinaweza kutengenezwa. Omba bei ipunguzwe, sababu kazi imebaki.

3. Kukikaza kibanda

*Griyaji.* Waya mwembamba wenye matundu ya pembe sita, unaoitwa "griyaji ya kuku", kazi yake ni kuzuia kuku asitoke. Haizuii mnyama asiingie. Tafuta griyaji iliyochomelewa, yenye matundu madogo ya mraba ya karibu santimetre 1 na robo. Hiyo ni ghali, basi inunue kwa sehemu zilizo wazi tu: dirisha la hewa na mlango. Mahali pengine piga mbao ama vipande vya mianzi vilivyobanana, kidole kisipite.

*Kufunga griyaji.* Usitumie misumari ya kukunja. Weka griyaji kati ya mbao ya kibanda na ubao mwembamba wa juu, kisha funga visi kila santimetre 10. Kama visi zinapita ndani ya tundu, weka kifuniko cha chupa ya Primus chini ya kila kichwa. Kila nganda iko navyo bure.

*Chini.* Kama kibanda kinakaa kwenye udongo, nguchiro na mbwa watachimba. Tandaza griyaji chini, kuzunguka kibanda, itoke inje santimetre 30 ama 40, uikandamize na mawe. Mnyama anachimba karibu na ukuta, anakuta waya, hana akili ya kurudi nyuma nusu metre.

*Miguu.* Kama kibanda kina miguu, ni vizuri zaidi. Inyanyue ifike karibu metre 1 kutoka chini. Kwenye kila mguu funga kola ya manjanja laini, yenye umbo la kofia, panya asipande. Ile ngazi nzuri ya muuzaji iondolewe kila jioni. Ngazi ikibaki, umejenga ngome na kuacha daraja.

*Mahali.* Bukavu na milima yake, lupango ni dogo na lina mteremko. Hata hivyo usiegemeze kibanda kwenye ukuta wa jirani, wala chini ya tawi la avoka, wala ndani ya miwa. Kanu anashuka toka juu. Acha nafasi ya metre 2 kama unaweza. Kiweke karibu na dirisha la chumba unacholala, ili usikie. Chimba mfereji mdogo upande wa juu, maji ya mvua yasipite chini ya kibanda.

*Mbao.* Mafuta ya vidanje yanasaidia mbao zisioze, lakini paka inje tu, acha yakauke vizuri mbele kuku waingie. Ndani paka chokaa.

4. Siafu, na ufunguo ambao haukuwepo

Baada ya kukaza vibanda tulifurahi. Kisha tukapata somo la pili. Mzee mmoja wa kikundi kile kile alikuwa amefunga vizuri kupita wote: griyaji ngumu, loketi mbili, kufuli. Usiku wa mvua siafu waliingia. Watoto walisikia kuku wakilia, wakatoka na tochi. Ufunguo ulikuwa katika mfuko wa mzee, na mzee alikuwa amelala Bukavu kwa ndugu yake. Mpaka walipopata shoka, kuku walikuwa wamekwisha.

Kuku aliye inje anakimbia siafu. Kuku aliyefungiwa hana pa kukimbilia. Kwa hiyo kumbukeni hili kupita yote tuliyosema: kibanda kizuri kinamzuia adui inje, lakini kinafunguka mbio kwa mwenye kuku.

Tufanye hivi:

- Weka kila mguu wa kibanda ndani ya kopo lenye maji na mafuta kidogo juu. Angalia kila jioni: majani yakianguka ndani, siafu wanapita juu yake kama daraja.
- Kata majani kuzunguka kibanda. Jani moja linalogusa ukuta linatosha.
- Ufunguo ukae mahali pamoja ndani ya nyumba, kwenye msumari, na kila mtu mkubwa wa nyumba apajue, hata gizani.
- Tayarisha kikapu ama kizimba cha kuhamishia kuku. Siafu wakifika, kwanza toa kuku, kisha pigana na siafu kwa jivu la moto, mbali na mbao.
- Fanyeni jaribio mara moja na watoto, usiku: nani anabeba tochi, nani anafungua, kuku wanapelekwa wapi.

5. Kazi ya kila jioni

Kibanda hakijilindi. Jua likishuka: hesabu kuku, si kwa macho tu, kwa sauti. Toa mayai. Toa chakula kilichobaki, sababu ndicho kinamuita panya, na panya anamuita nyoka. Ondoa ngazi. Funga loketi zote mbili. Mara moja kwa wiki, toa kinyesi na majani, peleka kwenye mboleo, sukuma griyaji kwa mkono, kaza visi zilizolegea.

Na tusisahau: hakuna griyaji inayozuia ugonjwa wa Newcastle, ule tunaouita pseudo-peste. Ule unazuiwa kwa chanjo, na chanjo inarudiwa. Muone veterineri wa eneo lako. Tutarudi kwa jambo hilo katika somo lingine.

6. Hesabu kwa kikao chenu

Hatuandiki bei hapa, kwa maana bei ya Mugogo si bei ya Kadutu, na ya leo si ya kesho. Chukueni karatasi, andikeni:

1. Bei ya kuku mmoja mkubwa leo kwenye soko lenu. Zidisheni kwa kuku waliokufa usiku katika kikundi tangu mwaka uanze.
2. Bei ya griyaji ngumu ya kuziba dirisha na mlango wa kibanda kimoja, pamoja na visi, kufuli na makopo.
3. Bei ya kibanda cha tayari, igawanyeni kwa idadi ya kuku mliopima wenyewe, si ile ya muuzaji. Kisha muulizeni fundi wa kijiji bei ya kibanda cha namna ile ile kwa mbao za kaliptusi.

Kama hesabu ya kwanza inapita ya pili, mmekwisha kulipia griyaji. Mmeilipa kwa kanu.

Maswali ya kuzungumza

- Katika lupango letu, adui gani anakuja zaidi, na saa ngapi?
- Nani nyumbani anajua ufunguo uko wapi?
- Je, kikundi kinaweza kununua griyaji pamoja, kwa ruba moja, na kugawa?

Yule mama wa Kavumu alianza tena na wale kuku wawili. Kikundi kilimuongezea jike mmoja kutoka kwa majirani, na sisi tulilipa griyaji, kwa maana deni lilikuwa letu. Siku hizi analaza kuku 5 katika kile kile kibanda cha "kuku 10". Tulipompelekea fundi mwingine aliyetaka kuuzia kikundi vibanda, mama hakutazama rangi. Alisukuma griyaji kwa kiganja, kisha akaomba tochi.