Pima Haja Kwanza: Namna Nilivyoamua Kununua Kishikwambi

Kishikwambi cha kwanza nilichopata kukimiliki kilitoka nyumbani kwangu, hapa Ngamiani mjini Tanga, kikiwa na kioo kisicho na hata mkwaruzo mmoja, ilhali mgongo wake umefutuka kwa betri iliyovimba. Na fundi aliyekichukua, baada ya kunionya kwamba betri ya namna ile haifai kukaa ndani ya nyumba kwa kuwa yaweza kushika moto, aliniuliza kilikuwa kikifanya kazi gani, nami sikuwa na jawabu la kumpa. Nilikinunua kwa kuwa bei yake ilikuwa nafuu, na kwa kuwa nilikiona mikononi mwa watu ninaowastahi, na kwa kuwa fedha ilikuwapo siku hiyo. Katika sababu hizo hapakuwa na hata moja iliyohusu kazi yangu. Israfu ile iliniuma, maana fedha yenyewe ilikuwa ya jasho, na ilipita miaka 2 kabla sijathubutu kulifikiria tena jambo hilo. Safari ya pili nilikwenda kwa taratibu, na taratibu hiyo ndiyo ninayotaka kumpa msomaji, ili atakapofika mbele ya kabati la muuzaji awe ameshaamua nyumbani.

Chombo cha katikati

Tarehe 27 Januari 2010, mjini San Francisco, Steve Jobs, mkuu wa kampuni ya Apple, alipowaonyesha watu iPad ya kwanza, aliketi kwenye kiti cha kupumzikia, akakiweka chombo mapajani, akaanza kusoma habari na kutazama picha. Kabla ya kuketi alikuwa ametoa sharti ambalo hata leo naliona kuwa mizani bora ya jambo hili: chombo kinachotaka nafasi baina ya simu na kipakatalishi hakina haki ya kuwapo isipokuwa kivishinde vyote viwili katika kazi fulani zinazojulikana. Akazitaja kazi zenyewe, nazo zilikuwa kuperuzi mtandao, barua pepe, picha, video, muziki, michezo na vitabu; na mwenye kutaamali ataona kwamba aghalabu ya kazi hizo ni za kupokea kilichokwisha kutengenezwa na wengine.

Haikuwa hivyo katika fikra ya mwanzo. Mwaka 1972 Alan Kay, aliyekuwa katika kituo cha utafiti cha Xerox huko Palo Alto, aliandika juu ya chombo cha ukubwa wa daftari alichokiita Dynabook, ambacho muradi wake ulikuwa mtoto aandike, achore na atunge programu kwa akili yake mwenyewe, na katika mchoro wake kicharazio kilikaa chini ya kioo. Baina ya fikra ile na bidhaa ile ilipita miaka 38, na kicharazio kilibaki njiani. Anayekusudia kununua, basi, ajiulize kwanza kama kazi inayomsumbua ni ya kupokea au ya kutunga, maana jawabu la swali hilo pekee humaliza nusu ya mashauri.

Ziko pia kazi za mtu aliyesimama. Katika sensa ya Kenya ya mwaka 2019 na ile ya Tanzania ya mwaka 2022, makarani walipita nyumba kwa nyumba na vishikwambi mikononi, kwa sababu aliyesimama mlangoni pa mtu hana meza ya kuweka kipakatalishi, na dodoso refu halisomeki katika kioo cha simu bila ya kuchosha macho. Hapo chombo kilikutana na kazi yake, na ndivyo inavyotakiwa kwa kila mnunuzi.

Hatua ya kwanza: daftari la siku 30

Nilichukua daftari la kawaida la shule, nikajipa sharti kwamba kila mara simu au kipakatalishi changu kitakaposhindwa kunitimizia jambo, nitaandika siku, kazi yenyewe, namna chombo kilivyoshindwa, na nilivyofanya badala yake. Sikujiruhusu kuandika matamanio. Neno «ingependeza» halikupata nafasi humo. Baada ya siku 30 nilihesabu mara 41.

Mara 4 zilikuwa za kutazama filamu ambazo zingeweza kungoja. Mara 5 zilikuwa za kuandika barua na makala ndefu, ambapo simu ilishindwa lakini kipakatalishi kikatosha, kwa hiyo hazikuwa hoja ya kununua chochote. Mara 6 zilikuwa za mama yangu, ambaye macho yake yamepungua nuru, naye hutaka kusoma Msahafu kwa herufi kubwa kuliko zile za nakala iliyomo nyumbani. Mara 26 zilizobaki zilikuwa za jambo moja tu: kusoma miswada ya tenzi za kale iliyoandikwa kwa khati za Kiarabu, ambayo picha zake maktaba kama ile ya chuo cha SOAS mjini London imezifungua kwa watu kupitia intaneti. Katika miswada hiyo waandishi aghalabu waliupanga ubeti mzima, vipande vyake vyote vinne, katika mstari mmoja kutoka kulia kwenda kushoto; katika simu nilikuwa naviona vipande viwili, kisha navuta picha kutafuta vingine viwili, na nilipovifikia, kina cha kipande cha kwanza kilikuwa kimeshanitoka masikioni. Kipakatalishi nacho kina kioo kilicholala upana, na ukurasa umesimama wima. Tena umeme unapokatika usiku, betri yake iliyozeeka haimalizi saa moja.

Kanuni niliyoipata humo ni hii: ikiwa kazi moja inarudi angalau kila baada ya siku moja, na vyombo ulivyo navyo vimeishindwa kwa sababu unayoweza kuieleza, endelea na hatua ya pili, lakini ikiwa daftari limejaa vijambo vya aina kumi, kila kimoja mara moja au mbili, lifunge daftari na fedha yako uiweke.

Hatua ya pili: pima kwa macho na mikono

Wauzaji hutaja ukubwa wa kioo kwa inchi, nazo hupimwa kutoka pembe hadi pembe, kwa hiyo vioo viwili vyenye inchi karibu sawa huweza kutofautiana upana. Kioo cha inchi 9.7 kilichokaa kama kile cha iPad ya kwanza kina upana wa karibu sentimita 15 na urefu wa karibu sentimita 20. Kioo cha inchi 10.1 kilicho chembamba na kirefu hakifiki sentimita 14 kwa upana. Na cha inchi 8 cha umbo hilo hilo kina kama sentimita 11. Ukurasa wa A4, ambao ndio ukubwa wa nyaraka nyingi za ofisini na vyuoni, una upana wa sentimita 21. Maana yake ni kwamba herufi zake zitapungua hadi saba ya kumi katika kioo cha kwanza, hadi nusu katika kile cha inchi 8, na hadi thuluthi katika simu ya kawaida.

Hesabu hii huweza kuonekana kwa macho kwa gharama ndogo sana. Nenda kwenye steshenari yoyote yenye mashine ya kutoa nakala, mpe kijana ukurasa wa kitabu au hati unayoisoma kila siku, umwombe akupunguzie nakala moja hadi asilimia 70 na nyingine hadi asilimia 50, kisha ukazisome nyumbani mahali unaposomea kwa kawaida, kwa taa unayoitumia kwa kawaida. Mimi nakala ya asilimia 50 ilinishinda, na ile ya asilimia 70 niliisoma bila taabu. Basi vishikwambi vidogo, ambavyo bei yake ilikuwa imeanza kunivuta, vikatoka katika mashauri siku ile ile.

Kisha chukua kifurushi cha nusu kilo ya sukari, ukiweke juu ya daftari, uvishike vyote kwa mkono mmoja kwa muda wa nusu saa ukiwa umeketi kitini. Huo ndio uzito wa vishikwambi vingi vya inchi 10. Mama yangu alivishika kwa dakika chache akavirudisha, akaniambia, «Mwanangu, hiki kinataka marufaa.» Nami nikaandika marufaa katika gharama.

Hatua ya tatu: hesabu yenyewe

Bei iliyobandikwa dukani ni mwanzo wa gharama tu. Tuseme kishikwambi ni shilingi 600,000, kava na kioo cha kinga shilingi 50,000, na kicharazio shilingi 70,000. Jumla ni shilingi 720,000. Kikidumu miaka 4, ambayo ni miezi 48, kila mwezi kitakuwa kimekula shilingi 15,000. Anayekitumia kila siku atakuwa amelipa shilingi 500 kila anapokifungua, ambayo si fedha nyingi kwa jambo lenye manufaa. Lakini anayekifungua mara 2 kwa mwezi atakuwa amelipa shilingi 7,500 kila mara, na kwa fedha hiyo angeweza kuchapisha kurasa alizozitaka akabaki nazo. Idadi ya mara usiibuni, bali ichukue katika daftari lako.

Hatua ya nne: dukani

Kishikwambi changu cha kwanza kilikuwa na RAM ya GB 2 na hifadhi ya GB 32, na kwa kuwa sehemu kubwa ya hifadhi ilikwisha kuliwa na mfumo na programu zilizokuja nacho, kilianza kujikokota tangu mwezi wa kwanza. Kwa uzoefu wangu, chini ya RAM ya GB 4 na hifadhi ya GB 64 ni kujitafutia majuto. Uliza pia kama kina nafasi ya laini au ni cha Wi-Fi peke yake. Asiyetoka nacho nyumbani anaweza kukigawia intaneti kutoka katika simu yake, akaokoa fedha na bando la pili. Na uliza kitapokea masasisho ya usalama hadi mwaka gani, maana kioo kizuri chenye mfumo uliosahauliwa na waliouunda hufika siku programu za benki zikakikataa.

Kama unanunua kilichotumika, vuta alama ya programu moja kwa kidole ukiizungusha kioo kizima, nayo ikikwama mahali ujue hapo kioo kimekufa. Tazama kama mgongo umeinuka. Na usitoe fedha mpaka muuzaji aiondoe akaunti yake mbele yako, akifute chombo, nawe ukiwashe upya kwa akaunti yako, kwa kuwa chombo kilichofutwa bila ya akaunti ya mwenyewe kuondolewa huweza kujifunga kisifunguke tena. Na ukishakipata, kiepushe na jua na gari lililofungwa vioo, maana joto la pwani huzidhoofisha betri hizi upesi.

Yaliyotokea

Mimi nilinunua, kwa sababu ya zile mara 26. Mpwa wangu, anayesoma uhasibu, alipoona kishikwambi changu akataka na yeye cha kwake, nami nikampa daftari. Aliporudi baada ya mwezi, karibu kila alichokiandika kilikuwa majedwali ya hesabu na ripoti za kuandika. Akasema, «Lakini mjomba, si kicharazio kinaunganishwa?» Tukaongeza bei ya kicharazio na ya kishikwambi chenye nguvu za kutosha, tukakuta jumla imeikaribia bei ya kipakatalishi kilichotumika kilicho katika hali njema, akanunua kipakatalishi, nami naamini alifanya tadbiri nzuri kuliko ambayo mimi niliifanya nilipokuwa na umri mkubwa kuliko wake.

Kishikwambi changu cha pili sasa kina mwaka wa tatu. Baada ya swala ya alfajiri mama hukiweka juu ya marufaa, akazikuza herufi mpaka aya mbili zinaujaza ukurasa, akasoma kwa sauti ndogo. Usiku huwa zamu yangu na tenzi zangu, ubeti mzima mbele ya macho. Kioo chake kimeshapata mikwaruzo mitatu, na pembe moja ya kava imechakaa mahali vidole vinaposhika.