Mishiri Yetu na Safari ya London

Mara hii tujifunze hesabu ya ndege. Kwa nini? Kikundi kimoja tulichotembelea hakikulipwa mishiri ya wiki nzima. Mnunuzi aliwaambia, "Iliozea njiani, London ni mbali." Nao wakanyamaza tu.

Haya, tupige hesabu. Kutoka Nairobi hadi London kwa anga ni kama kilomita 6,800. Ndege kubwa, ukihesabu pia kupaa na kutua, huenda kama kilomita 800 kwa saa. Gawanya: saa 8 na nusu. Tuseme 9, maana njia ya ndege haijanyooka kabisa.

Lakini saa ya ukutani isikudanganye. Ndege ikiondoka Nairobi saa sita usiku, hufika saa tatu asubuhi ya kwetu. Wakati wa baridi, saa ya London itasema kumi na mbili asubuhi, kwa sababu wako nyuma yetu saa 3. Kuanzia mwisho wa Machi hadi mwisho wa Oktoba huwa nyuma saa 2.

Sasa, mishiri iliyowekwa penye baridi, nyuzi 5 hadi 7 za Selsiasi, haiozi kwa saa 9. Basi iliharibikia wapi? Tuliwauliza wenzetu. Walichuma saa tatu asubuhi, gari likaja saa kumi jioni. Saa 7 juani! Na gari likishaondoka, hawakujua lililoendelea. Siku hizi wanaandika kwenye daftari saa ya kuchuma na saa ya kuchukuliwa, na dereva anatia sahihi.